Daktari Nariman Wasta Qadir, Mbunge Asiye na Chama, na Jumanne Aliyoketi

Huu ni wasifu wa Daktari Nariman Wasta Qadir, aliyekuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya Shardel kwa miaka ishirini na mmoja, kisha mbunge asiye na chama katika Bunge la Jimbo la Hawraz kwa miaka minne. Unasomwa leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, katika ukumbi wa msikiti wa Sewdara, siku ya tatu ya msiba wake. Marehemu hakutaka wasifu wa kumpamba. Aliagiza kwamba jambo moja alilolifanya, ambalo lilimtia kinyaa mpaka mwisho wa maisha yake, liandikwe humu kama lilivyotokea. Familia ilibishana juu ya agizo hilo kwa siku mbili. Limeandikwa.

Alizaliwa hapa Sewdara tarehe 12 Machi 1955, siku tisa kabla ya Nawruzi, sikukuu ya mwaka mpya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Wasta Qadir, fundi wa kujenga kwa mawe, na Bi Halaw. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa na miaka minne alikataa mtindi katika nyumba ya jirani, mbele ya wageni.

"Una nini wewe?" mama yake alimnong'oneza huku akimfinya.

"Unanuka paka."

Jirani aliapa kwamba mtungi wake haujawahi kuguswa na paka. Akaenda kuufunua ili amwaibishe mtoto, akarudi na nywele mbili nyeupe kati ya vidole. Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa walikuwa wakimwita kabla ya kununua siagi, naye alinusa, akasema kweli, akalipwa konzi ya zabibu kavu. Bi Halaw alihesabu kwamba pua ile ilimpunguzia marafiki watatu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1963. Alihamia Shardel kwa masomo ya sekondari, akayamaliza mwaka 1976 akiwa amechelewa mwaka mmoja, kwa kuwa vita viliifunga shule. Mwaka huohuo alipata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo Mosul. Alihitimu Juni 1981. Wenzake wa darasani walizoea kujipaka manukato puani walipopasua mizoga, lakini yeye alikataa. Alisema mtu anayeziba pua amekwisha kukubali kudanganywa.

Tarehe 2 Januari 1982 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika machinjio ya Shardel. Kazi yake ilikuwa kukagua kila mnyama aliyechinjwa, kupasua ini, kuangalia mapafu, na kupiga muhuri wa wino wa zambarau juu ya nyama iliyofaa. Nyama isiyo na muhuri haikuruhusiwa kuuzwa. Wakati wa machipuko ya mwaka 1991, watu wote walipokimbilia milimani, alibeba mtoto mmoja mgongoni, blanketi moja, na ule muhuri. Mkewe alimuuliza kwenye theluji kwa nini hakubeba sufuria badala ya chuma kile. Alijibu kwamba sufuria ikiibwa watakosa chakula watu watano, lakini muhuri ukiibwa mji mzima utalishwa mizoga.

Alikuwa amemwoa mke huyo, Bi Pakhshan, mwalimu wa hesabu, tarehe 6 Septemba 1984. Siku ya posa baba yake Pakhshan alimtazama vidole vya zambarau, kisha akauliza kama ule ni ugonjwa.

"Ni wino wa muhuri, ami. Hautoki kwa sabuni."

"Na mshahara, huo unatoka?"

"Unachelewa, lakini hauna harufu."

Mzee alicheka, chai ikaletwa yenye sukari, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kukubaliwa. Walijaliwa watoto watatu. Kwa miaka kumi na tisa foronya za nyumba ile zilikuwa na alama za zambarau, na Bi Pakhshan aliacha kulalamika mwaka wa pili.

Mambo yaliyompeleka Bungeni yalianza Oktoba 2003. Alipewa taarifa kwamba ghala moja la barafu, nje ya mji, limepokea makontena ya kuku waliogandishwa. Alipofika aliwakuta vijana sita wamekaa chini, wakifuta tarehe za zamani kwenye maboksi kwa petroli na kubandika karatasi mpya. Kuku wenyewe walikuwa wameyeyuka na kugandishwa tena zaidi ya mara moja. Ngozi zao zilikuwa za kijani kwenye mapaja, na maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya mlango yalikuwa na povu. Marehemu alisema kwamba katika maisha yake yote alitapika kazini siku moja tu, na ndiyo hiyo.

Meneja wa ghala alimfuata nje na chupa ya maji.

"Daktari, pole. Joto hili. Kunywa, halafu upige muhuri, tufunge kazi."

"Hawa unawapeleka wapi?"

"Kwenye zabuni za serikali. Mabweni, hospitali, kambi za askari. Watakaangwa na vitunguu, bwana. Nani atajua?"

"Mimi nimejua."

Aliandika katika cheti: hawafai kuliwa na binadamu wala mbwa. Siku nne baadaye alipata barua ya uhamisho kwenda kituo cha mifugo cha mpakani, mahali ambapo hata mbuzi hawapiti. Alikaa huko miaka mitano na nusu akitazama theluji. Ghala halikufungwa hata saa moja. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na kaka katika chama kikubwa.

Waliomtoa huko walikuwa wachinjaji. Mapema mwaka 2009 wauza nyama wa soko la Shardel walikodi gari wakaenda mpakani wakiwa kumi na mmoja, wakiongozwa na Ami Faqe, mwenye bucha kongwe kuliko zote.

"Ugombee ubunge," Ami Faqe alimwambia hata kabla ya kuvua koti.

"Kwa chama gani?"

"Chama cha nini tena? Wewe una pua, wao wana vyama. Sisi biashara imekufa. Kila anayeingia dukani ananusa nyama yangu kama polisi, kwa sababu ya takataka za wale. Ugombee peke yako, sisi tutakubeba."

"Ami, mimi sijui hata kuhutubia."

"Afadhali. Tumeshachoka kuhutubiwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni yake yote. Picha yake ilining'inizwa kwenye ndoano za mabucha, kati ya mbavu na mapaja, na wapinzani wake walicheka sana. Tarehe 25 Julai 2009 alipata kura 9,412. Alikuwa mbunge pekee kati ya mia moja ambaye hakuwa na chama nyuma yake.

Inafaa kueleza alichokikuta, kwa kuwa vijana wengi hawajui. Siku ya pili alipewa fomu ya kuandika majina ya walinzi wake kumi. Walinzi hao wangelipwa na Bunge. Aliuliza watalinda nini. Karani akamweleza kwa upole kwamba si lazima walinde. Wabunge wengi huandika wapwa na mashemeji, nao hubaki nyumbani kwao. Aliirudisha fomu tupu. Ndugu walipojua hawakumwelewa. Mdogo wake, Swara, anayeitwa Kaka kwa heshima kama wanaume wengine hapa, na ambaye mwanawe hakuwa na kazi, alikaa sikukuu mbili bila kukanyaga nyumbani kwake, na Bi Pakhshan ndiye aliyewapatanisha kwa sufuria ya dolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, na maneno makali kwa pande zote.

Alikuta pia chumba cha chai ambacho kilikuwa na watu wengi kuliko ukumbi. Wabunge walitia sahihi mlangoni, kisha wakaenda kukaa kwenye makochi. Aliwasikia wakibishana kwa saa nzima juu ya rangi ya magari waliyopewa. Kijana mmoja wa chama kidogo, msomi, alimwambia kwamba atazoea baada ya miezi mitatu. Marehemu alimjibu kwamba mtu huzoea hata machinjio yasiyooshwa, lakini hiyo si sifa ya machinjio.

Kazi yake Bungeni ilikuwa moja tu: Muswada wa Ukaguzi wa Maghala ya Nyama. Ulikuwa na kurasa nne. Ulisema kwamba mkaguzi yeyote wa serikali anaweza kuingia ghala lolote la nyama saa yoyote bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, na kwamba mkaguzi huyo hawezi kuhamishwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kufunga ghala. Ili muswada wa mbunge asiye na chama uingie ukumbini zilihitajika sahihi kumi. Alizipata baada ya miezi kumi na minne. Wabunge wawili waliweka sahihi asubuhi na kuzifuta jioni, baada ya kupigiwa simu. Mmoja aliweka, akafuta, akaweka tena, na mwisho akamwomba marehemu amsaidie kukumbuka kama jina lake limo au halimo.

Hatimaye muswada ulipangwa kusomwa Jumanne, tarehe 19 Juni 2012, ukiwa wa pili. Wa kwanza ulikuwa muswada wa kuwapa wabunge pensheni ya maisha kwa kutumikia kipindi kimoja.

Kanuni za Bunge lile zilihesabu akidi kwa wabunge walioketi. Waliotia sahihi hawakuhesabiwa, wala waliosimama mlangoni. Ilihitajika watu hamsini na mmoja kwenye viti, vinginevyo hakuna kikao. Kwa hiyo vyama vilikuwa na mchezo wao: chama kisichopenda jambo kilitoka nje, viti vikapungua, jambo likafa bila mtu kulipigia kura ya hapana na kulaumiwa. Jumanne ile chama kidogo kilitoka. Hakikuwa kinaipinga pensheni, la hasha. Kilitaka kiongezewe naibu waziri kwanza. Wakabaki watu hamsini kwenye viti. Marehemu alikuwa amesimama kwenye korido, kwa kuwa alikwisha kuwaambia wachinjaji kwamba hataketi pensheni ile ikipita.

Mnadhimu wa chama kikubwa alimfuata. Jina lake halimo humu, kwa kuwa marehemu aliagiza lisichafue karatasi.

"Daktari wangu, njoo uketi. Kiti kimoja tu."

"Kaeni wenyewe. Pensheni ni yenu."

"Sikuombi kura. Piga hapana, piga hapana mara mbili ukitaka. Mimi nataka makalio yako tu."

"Na muswada wangu?"

"Ndio huo unaofuata. Ukikaa, kikao kipo. Kikao kikiwepo, wako unasomwa leo na unapita leo, watu wangu wote hamsini. Nakupa neno langu. Usipokaa, kikao kinavunjika, na kiangazi chote hakuna Bunge. Kuku wako wataendelea kusafiri."

"Unajua kuhusu kuku?"

"Daktari, sote tunajua kuhusu kuku. Mimi nyumbani nanunua wa kienyeji."

Marehemu alisimulia kwamba aliposikia jibu hilo alihisi harufu ya ghala kama vile mlango umefunguliwa. Kisha akafikiri juu ya kurasa zake nne na miezi kumi na minne. Akaingia, akaketi.

Spika alihesabu hamsini na mmoja. Muswada wa pensheni ulipita kwa kura hamsini dhidi ya moja. Walipigana mabusu mashavuni. Spika akatangaza mapumziko ya chai, dakika kumi na tano, kabla ya jambo la pili.

Hawakurudi. Walikwenda moja kwa moja kwenye mkahawa mmoja wa mtoni, magari ishirini na kitu yakifuatana, wakala kondoo na wali. Marehemu alibaki ukumbini na karatasi zake mezani. Saa kumi na nusu mhudumu wa ukumbi, Mzee Tofiq, alianza kukusanya vikombe.

"Daktari, nizime taa?"

"Wamesema wanarudi."

"Mwaka jana pia walisema. Niliweka maji ya chai moto mpaka magharibi, wallahi. Nikaishia kumwagilia maua."

"Basi niachie taa moja."

"Hazizimwi mojamoja, mwanangu. Zote au hakuna."

Akazima. Marehemu alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Alimweleza mkewe kwa sentensi tatu, kisha akaenda kunawa mikono, na Bi Pakhshan anasema maji yalisikika yakimwagika mpaka tangi likaisha.

Jambo hilo lingeweza kuishia kuwa kichekesho cha mji. Halikuishia hapo. Tarehe 11 Novemba 2012, katika bweni moja la wasichana, wanafunzi thelathini na mmoja waliugua baada ya kula kuku. Thelathini walipona. Shanga Ibrahim, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alifariki siku ya tatu. Maboksi yaliyokutwa jikoni yalikuwa na karatasi mpya juu ya tarehe zilizofutwa, na yalikuwa yametoka kwenye ghala lilelile. Wazazi wa Shanga wamo ukumbini humu leo, na jina la binti yao limeandikwa kwa ruhusa yao.

Marehemu alikwenda kwenye msiba ule. Wabunge saba pia walikwenda na wapiga picha wao, wakakaa mstari wa mbele wakiwa na tasbihi, wakasema ni kudra ya Mungu. Kaka Ibrahim, baba wa mtoto, alikuwa akiwamiminia wageni kahawa chungu mwenyewe. Alipofika kwa Daktari Nariman alisimama.

"Wewe ndiye daktari wa nyama?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema ulikuwa na sheria."

"Nilikuwa nayo. Niliiuza nikaambulia ahadi."

Kaka Ibrahim alimjazia kikombe. Marehemu alikinywa chote, akakirudisha, na tangu siku hiyo hakuketi tena katika Bunge lile. Hatusemi hivyo kwa kumsifu. Kwa miezi kumi iliyobaki alikwenda kila kikao, akasimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mahali ambapo kanuni hazimhesabu. Hakujiuzulu, kwa sababu kiti kingekwenda kwa mtu wa chama. Mara tisa walihitaji kiti kimoja na mara tisa walimbembeleza.

"Daktari, utaota mizizi hapo," mbunge mmoja alimtania.

"Afadhali mizizi. Nyinyi mmeota ukungu."

Mzee Tofiq alimletea kiti akakiweka korido. Alimshukuru, akakitumia kuwekea koti lake. Muswada wake haukusomwa tena. Haujasomwa mpaka leo.

Hakugombea mwaka 2013. Pensheni aliyoipigia kura ya hapana hakuichukua hata mwezi mmoja, na barua za kumkumbusha alizirudisha posta zikiwa hazijafunguliwa. Alifungua chumba cha kutibu mifugo karibu na soko la kondoo, akatibu punda, ng'ombe na kuku wa akina mama. Aliheshimika na alikuwa mgumu. Kwenye harusi aliwatia watu aibu kwa kunusa sahani kabla ya kula. Hakuingia tena nyumba ya mtu yeyote aliyekuwa miongoni mwa wale hamsini, hata aliyekuwa binamu yake. Familia yake haitaficha kwamba hasira ile iliwachosha watoto pia. Binti yake mkubwa, Shilan, aliwahi kumwambia kwamba nyumba nzima inaishi ndani ya Jumanne moja. Alimjibu, "Ni kweli, binti yangu. Nisamehe. Sijapata mlango."

Mwaka 2020 maradhi ya mlipuko yalimpokonya uwezo wa kunusa, na haukurudi. Hiyo ilikuwa huzuni kubwa kwake, ingawa Bi Pakhshan alianza kumnusia mtindi kila asubuhi na kumpa taarifa kamili kama mkaguzi mdogo kazini. Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa hospitalini Shardel, akafanyiwa upasuaji mwezi Mei mwaka huo, akapata nafuu ya mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukarudi. Ofisi ya Bunge ilituma ujumbe kwamba, kwa sheria ileile ya pensheni, wabunge wastaafu wana haki ya kupelekwa nje kwa matibabu. Aliukataa.

"Nariman, huu ni ugonjwa, si siasa," Bi Pakhshan alimwambia. Alikuwa akilia.

"Ningekuwa na haki hiyo kama nisingeketi. Niliketi, ndiyo maana ipo."

"Na mimi je? Mimi niliketi wapi?"

Bi Pakhshan ameomba swali lake liandikwe pia, kwa kuwa bado linamuuma, na kwa kuwa amesema mume mwema anaweza kumdhulumu mkewe kwa sababu safi kabisa.

Mwezi Septemba mwaka huu waheshimiwa wanne walifika wodini na shada la maua na mpiga picha. Marehemu aligeukia ukuta na kubaki hivyo mpaka walipoondoka. Jioni hiyo ndipo alipotoa agizo lake, mbele ya mkewe na Kaka Swara.

"Nikifa watakuja. Watasema nilikuwa dhamiri ya Bunge. Someni siku ile mbele yao."

"Siku gani, kaka?" Kaka Swara aliuliza, ingawa alijua.

"Niliyoketi. Msiposoma, nitazikwa kama mmoja wao, na maneno mazuri juu yangu."

Alifariki dunia nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alizikwa adhuhuri hiyohiyo hapa Sewdara, kando ya baba yake. Jeneza lake lilibebwa na wachinjaji wa Shardel. Afisa wa itifaki wa Bunge alikuwa amepiga simu akitaka azikwe kwenye kilima cha waheshimiwa, kwa gwaride, na bendera ya chama kikubwa iwepo "kwa heshima tu". Bi Pakhshan alimwambia kwamba marehemu hakuwa na chama alipokuwa hai, na hatajiandikisha sasa.

Ndipo mabishano yalipoanza. Kaka Swara alipinga agizo kutekelezwa, na sababu zake hazikuwa ndogo.

"Shemeji, watoto wake wanaomba kazi katika mji huu. Waheshimiwa watakuwa mstari wa mbele. Kwa nini umvue kaka yangu nguo mbele ya watu kama wale? Watacheka. Watasema, kumbe naye alikuwa mwenzetu."

"Wacha waseme."

"Aliketi saa moja tu! Alipiga hapana!"

"Alipiga hapana akiwa ameketi. Yeye mwenyewe hakuisamehe saa hiyo kwa miaka kumi na miwili, wewe unataka kumfutia kwa siku mbili?"

"Nataka apumzike."

"Basi msomee alichotaka."

Kaka Swara alitoka nje, akakaa garini mpaka chai ikapoa. Aliporudi aliomba jambo moja: kwamba atakayesoma asiwe mwingine ila yeye, kwa kuwa kama kuna aibu ya kutajwa, itajwe na mtu wa damu moja naye, isitajwe na mgeni. Ndiye anayewasomea haya sasa.

Marehemu ameacha mjane, Bi Pakhshan Mirza, watoto watatu, Shilan, Ribin na Tablo, wajukuu watano, mdogo wake, Kaka Swara, na dada zake wawili, Bi Gelas na Bi Amina, pamoja na wauza nyama wote wa soko la Shardel, ambao wamefunga mabucha yao kwa siku tatu. Ametanguliwa na wazazi wake na kaka zake wawili.

Familia inawashukuru waliokuja kwa miguu na waliokuja kwa magari. Mashada ya maua yaliyoletwa na vyama yamewekwa nje ya geti, na wenyewe wanaombwa wayachukue wanapoondoka. Kati ya wale hamsini wa Jumanne ile, kumi na wanane wamo humu ndani. Familia imewahesabu. Haina neno la kuwaambia zaidi ya hayo yaliyosomwa, ambayo wanayajua vizuri kuliko msomaji, na inawaomba wasije kutoa mkono wa pole.

Kaka Ibrahim, baba yake Shanga, ameomba yeye ndiye aongoze dua, na Bi Pakhshan amekubali. Tusimame.

Mwenyezi Mungu amrehemu Nariman mwana wa Qadir, amsamehe kiti kile, na ampe huko aliko amani ambayo huku hakuipata.